Mnachokililia ni Kiti cha Tajiri

Kuna malalamiko ambayo wapenzi wa treni ndogo hawachoki kuyarudia. Eti zamani kulikuwa na gemu za kompyuta zilizoijua reli. Ulipewa pesa kidogo na ramani tupu. Ukatandika reli, ukanunua kichwa cha treni cha mvuke, ukabeba makaa ya mawe kutoka mgodini, ukalipa riba, ukauza hisa, na mwisho wa miaka mia moja ulikuwa na himaya. Siku hizi, wanasema, picha ni nzuri ajabu, moshi ni moshi kweli, lakini ndani hamna kitu. Turudishieni mwaka 1990.

Nusu ya malalamiko haya ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayonifanya nikae chini niandike. Ni kweli kuna kitu kimepotea. Si kweli kwamba gemu zile ziliijua reli. Zilimjua mwenye reli. Hayo ni mambo mawili tofauti, na watu ambao wangepaswa kuiona tofauti hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote ni hawahawa wapenzi wa treni ndogo, kwa sababu mikono yao inaifahamu kazi ya reli kuliko sisi tunaopanda na kushuka tu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana nao, nieleze kidogo. Hawa ni watu wazima wanaojenga reli nzima ndani ya nyumba: milima ya plasta, madaraja ya vijiti, stesheni zenye taa, na treni zinazokwenda kwa umeme. Kipimo kinachopendwa zaidi kinaitwa HO, yaani kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya ukubwa halisi, kiasi kwamba mtu mzima anabaki na urefu wa sentimita mbili hivi. Usifikiri ni mambo ya watoto. Kule Monterey, California, bwana mmoja aitwaye John Allen alitumia miaka ishirini hivi kujenga reli aliyoiita Gorre & Daphetid. Alisifika kwa kuyachakaza mabehewa yake kwa makusudi, kutu hapa, vumbi pale, ili yaonekane yamefanya kazi. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya reli hiyo. Mpaka leo kuna watu wanaoizungumzia kama mji wao wa asili uliochomwa.

Tena watu hawa wana undugu wa karibu na kompyuta. Chuo cha MIT kule Marekani kimekuwa na klabu ya treni ndogo tangu miaka ya 1940, na chini ya meza ya reli yao kulikuwa na msitu wa nyaya na swichi za simu ambao baadhi ya wanachama walishinda wakiuchokonoa. Wengine katika hao wakahamia kwenye kompyuta kubwa za chuo, na mwaka 1962 ikazaliwa Spacewar!, moja ya gemu za mwanzo kabisa za kompyuta. Kwa hiyo Sid Meier na kampuni ya MicroProse walipotoa Railroad Tycoon mwaka 1990, walikuwa wanairudisha gemu kwa wazazi wake. Meier mwenyewe ameeleza kwamba wazo la kwanza lilikuwa gemu ya kujenga treni ndogo tu. Biashara, yaani mikopo, hisa, washindani, ilikuja baadaye, ili mchezaji awe na sababu ya kuendelea kucheza.

Hapo kwenye neno "sababu" ndipo nusu ya ukweli ilipo, na haki itendeke kwanza kabla sijaanza kugombana na mtu.

Treni ndogo ina tatizo moja la tangu na tangu: inakwenda wapi? Unaweza kukaa miaka mitano unajenga bonde, mto na kiwanda cha mbao, halafu unawasha umeme na treni inazunguka, inazunguka, inazunguka. Imetoka wapi? Palepale. Inapeleka nini? Hewa. Railroad Tycoon, na baadaye Transport Tycoon ya Mskoti Chris Sawyer mwaka 1994, zilijibu swali hilo vizuri kuliko kitabu chochote. Behewa lilibeba kitu, kitu kilikuwa na mnunuzi, na malipo yalitegemea mzigo ni kiasi gani, umekwenda umbali gani na umechukua siku ngapi. Ukichelewa, pesa inapungua. Treni ikirudi tupu, inakula pesa yako njia nzima. Ukiweka treni mbili kwenye reli moja bila njia ya kupishania na bila taa, unajitafutia balaa.

Nilizicheza nikiwa sekondari, na sitabisha: zilinifundisha kuitazama ramani kwa jicho jingine. Mtu aliyewahi kuunganisha mgodi wa makaa na kituo cha kufua umeme, akaona salio linapanda kutoka hasi kwenda chanya, anajua ni raha ya aina gani. Kwa hiyo mtu wa treni ndogo akisema gemu ya Sid Meier's Railroads! ya mwaka 2006 ilimpa treni za kupendeza kama zile za mezani kwake lakini ikampunguzia uzito wa hesabu, namwelewa. Picha nzuri tayari anayo nyumbani, kaipaka rangi mwenyewe. Alichokuwa anakitafuta kwenye kompyuta ni ile sababu.

Mpaka hapo tuko pamoja. Ugomvi unaanza pale hamu hii inapojiita elimu. "Zilitufundisha historia ya reli." "Zilitufundisha reli inavyofanya kazi." Sentensi za namna hii zinasemwa kwa uhakika kabisa, na watu wazima wenye akili zao.

Sisi tunaosoma riwaya tuna swali letu la kawaida, na gemu nayo ijibu kama vitabu vinavyojibu: nani anasimulia? Railroad Tycoon ni simulizi ya nafsi ya kwanza, na nafsi hiyo ni tajiri. Unaitazama nchi kutoka juu, kama mwewe. Miji ni madoa yanayotoa abiria na barua. Washindani wako wamepewa majina ya matajiri wa kweli wa Marekani ya karne ya 19, akina Vanderbilt na J. P. Morgan, na sura zao unaziona. Anayeendesha treni hana sura. Anayewasha moto hana sura. Anayetandika reli hayupo kabisa: unaburuta, na reli imeshalala chini. Kila mtu aliyeigusa reli kwa mkono amegeuzwa kuwa mstari mmoja kwenye ripoti ya mwaka, upande wa gharama.

Mtu ataniambia, ndugu, hiyo ni gemu, haiwezi kuweka kila kitu. Sawa. Lakini tazama walichoweza kuweka. Waliweka soko la hisa. Waliweka hatifungani na riba zake. Waliweka vita vya nauli kati ya kampuni mbili zinazogombea mji mmoja. Transport Tycoon Deluxe ya 1995 ilikupa hadi kitufe cha kuihonga halmashauri ya mji! Ukibomoa nyumba za watu, halmashauri inakuchukia, inakunyima kibali cha stesheni. Basi unapanda miti kadhaa, hasira zinapoa, mambo yanaendelea. Aliyepata nafasi ya kuandika rushwa na miti ya kuombea msamaha hakukosa nafasi ya kumwandika mfanyakazi. Hakumwona. Na hakumwona kwa sababu kutoka kwenye kiti alichokalia, mfanyakazi haonekani.

Nichukue mfano mmoja, ambao wapenzi wa treni ndogo wanaujua kuliko mimi.

Juu ya behewa la mizigo la Kimarekani la zamani, pale ukingoni mwa paa, kuna kigurudumu kidogo kilichosimama kwenye mti wa chuma. Kwenye kipimo cha HO kigurudumu hicho ni kidogo kuliko punje ya dengu. Mpenzi wa treni ndogo anakishika kwa kibano, anavaa miwani ya kukuzia, anazuia pumzi, anakigandisha kwa tone la gundi. Kikikosekana, wenzake watamwambia behewa lake halijakamilika. Sasa, kigurudumu hicho ni cha nini? Ni breki. Kabla ya breki za hewa kuenea, treni ya mizigo ilisimamishwa na watu. Dereva alipiga filimbi, na wafunga breki wakakimbia juu ya mapaa ya mabehewa, treni ikiwa mwendoni, wakiruka kutoka behewa hadi behewa, wakikizungusha kigurudumu kwa mikono, usiku, mvua, barafu. Walianguka. Walikufa wengi.

Na si breki peke yake. Mabehewa yaliunganishwa kwa pete na pini, na mtu ilibidi asimame katikati ya mabehewa mawili yanayokutana ili aiongoze pete kwa mkono. Vidole vilikatika kiasi kwamba mkono uliopungukiwa vidole ulikuwa kama cheti cha uzoefu kazini. George Westinghouse alisajili breki yake ya hewa mwaka 1869. Eli Janney alisajili kiungo kinachojifunga chenyewe mwaka 1873. Sheria ya Marekani iliyozilazimisha kampuni za reli kutumia vitu vya namna hiyo ilipitishwa mwaka 1893. Hesabu mwenyewe: miaka ishirini tangu kiungo kisajiliwe. Dawa ilikuwepo, mgonjwa alikuwepo, lakini kubadilisha mabehewa kuligharimu pesa ya kampuni, na vidole vilikuwa vya mtu mwingine.

Sasa rudi kwenye gemu. Miaka hiyohiyo, kwenye skrini yako, inakufikia kama mfululizo wa habari njema: kichwa kipya cha treni kimetoka, kina kasi zaidi, nunua. Miaka ya pete na pini unaipita ukiwa unatabasamu. Yule mpenzi wa treni ndogo ambaye jana alizuia pumzi akigandisha kigurudumu cha breki, leo anaililia gemu ambayo haina mtu wa kukizungusha. Haoni ajabu?

Kuna jambo jingine la kijiografia ambalo linanikera zaidi. MicroProse ilikuwa na ofisi zake Hunt Valley, Maryland, nje kidogo ya Baltimore. Baltimore ndiyo nyumbani kwa Baltimore and Ohio, moja ya reli za kwanza kabisa za Marekani, iliyopewa kibali mwaka 1827. Julai 1877 kampuni hiyo ilipunguza mishahara kwa mara nyingine. Wafanyakazi wa Martinsburg, West Virginia, wakasimamisha treni. Mgomo ukasambaa kama moto wa nyika hadi majimbo mengine, na mjini Baltimore penyewe askari wa jimbo waliwafyatulia risasi watu barabarani. Nchi nzima walikufa watu kama mia moja. Huo ni mmoja wa migomo mikubwa ya reli katika historia ya Marekani ya karne ile, na umepita karibu na mlango wa ofisi ambamo gemu ya historia ya reli iliandikwa. Mezani kwa mchezaji, 1877 ni mwaka wa mavuno tu.

Na wala msiseme hakukuwa na njia nyingine ya kusimulia habari za matajiri hawa. Kulikuwa nayo, tena walioitengeneza gemu waliijua vizuri. Bruce Shelley, aliyefanya kazi na Meier kwenye Railroad Tycoon, alitokea Avalon Hill, kampuni ya michezo ya mezani iliyotoa 1830 mwaka 1986, mchezo uliobuniwa na Mwingereza Francis Tresham. Kwenye 1830 wachezaji ni wawekezaji. Unaanzisha kampuni ya reli, unaikamua pesa yake mpaka tone la mwisho, kisha unauza hisa zako na kumwachia mwenzako urais wa kampuni isiyo na kitu, yeye ndiye atoe mfukoni kununua treni. Ni mchezo wa kikatili na hauombi radhi. Haukuambii kwamba unaipenda reli. Unakuambia wazi kwamba reli ni mfuko na wewe umekuja kuutoboa. Nauheshimu kwa hilo. Railroad Tycoon ilimchukua mtu yuleyule, ikamvalisha kofia ya stesheni masta, ikatuambia huyu ndiye mjenzi wa taifa. Na watu wakapenda, maana nani asiyependa kuwa tajiri ambaye pia ni shujaa?

Hapa ndipo nafika kwenye jambo ambalo siwezi kuwasamehe wapenzi wa treni ndogo kirahisi. Wao wana kitu bora kuliko gemu zote hizi, na wanacho chumbani kwao.

Tangu miaka ya 1930 na 1940 kuna wapenzi wa treni ndogo waliokataa kuitazama treni ikizunguka tu. Mmoja wao, Frank Ellison, aliyejenga reli aliyoiita Delta Lines, aliifananisha reli ndogo na jukwaa la tamthilia: treni ni waigizaji, ratiba ndiyo msuko wa hadithi. Kutoka kwa watu kama hao ukakua utamaduni ambao mpaka leo unaendelea. Jioni moja wanakutana nyumbani kwa mwenzao, watu wanane, kumi. Kila mmoja anapewa kazi. Huyu ni dereva. Yule ni mkuu wa yadi, anapangua na kupanga mabehewa. Mwingine amekaa chumba cha pembeni, anatoa ruhusa ya treni kupita, na haoni treni hata moja, anasikia sauti tu. Ukutani kuna saa iliyoharakishwa, dakika zake zinakimbia ili siku nzima ya kazi iishe kwa saa chache. Kila behewa lina kadi yake na hati ya mzigo: sanduku hili linatoka kiwanda cha samani, linakwenda ghala la pili mkono wa kushoto, likishashushwa lirudi tupu.

Unaona walichofanya? Walilijibu lile swali, treni inakwenda wapi, bila kumweka mtu kwenye kiti cha tajiri. Treni inakwenda kwa sababu kuna mtu anasubiri mzigo na kuna mtu mwingine ana zamu ya kuupeleka. Hakuna anayeshinda. Hakuna anayefilisika. Kuna kazi, na kazi ina ugumu wake, na ugumu huo una utamu. John Allen alibuni hata fumbo dogo la reli aliloliita Timesaver, njia fupi chache na mabehewa machache, kazi yako ni kuyafikisha kila moja mahali pake kwa mienendo michache iwezekanavyo. Lile ni fumbo la mfanyakazi wa yadi. Tajiri hana habari nalo.

Kwa hiyo mtu yuleyule, Jumamosi jioni ni karani wa mizigo anayebishana na mkuu wa yadi kuhusu behewa moja lililopotelea njia namba tatu, na anafurahi mpaka usiku wa manane. Jumapili anafungua kompyuta anaanza kulia: ah, Railroad Tycoon, hakuna tena gemu kama ile. Bwana, jana ulikuwa wapi?

Watakuja na utetezi kwamba gemu mpya zimejirekebisha. Hebu tuone. Railway Empire ya mwaka 2018 imeleta wafanyakazi, ni kweli. Unawaajiri, unawapandisha kwenye treni, na kila mmoja anakuongezea faida fulani, gharama zishuke kidogo hapa, mwendo uongezeke kidogo pale. Yaani mfanyakazi ameingia ndani ya gemu kama kiungo cha mashine. Ukimtaka anayemharibia mshindani wako kazi, naye yupo, mlipe. Zamani hakuonekana, sasa anaonekana kama asilimia. Sijui kama hayo ni maendeleo.

Kwa nini mimi, mwandishi wa habari wa Kitanzania, nijisumbue na mambo haya? Kwa sababu jicho la gemu hizi halikubaki kwenye gemu. Na kwa sababu ramani yetu nayo imo. Railroad Tycoon II ya mwaka 1998 ina hatua inayoitwa Cape to Cairo, ndoto ile ya Cecil Rhodes ya kuipasua Afrika kwa reli kutoka kusini hadi kaskazini, ndoto ambayo haikukamilika. Wengine wakiicheza hatua hiyo wanaona changamoto ya milima na umbali. Mtu wa huku anajua ni mstari wa nani, na uliandikwa juu ya mashamba ya nani.

Sisi reli hatukuikuta kwenye ramani tupu. Reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ililetewa vibarua zaidi ya elfu thelathini kutoka India, na takriban 2,500 kati yao wakafa. Nairobi ilianza kama kambi ya reli hiyo mwaka 1899. Ukiisimulia kwa mdomo wa gemu, utasema: mji umekua kwa sababu stesheni imefika. Ni kweli, na ni sentensi inayoruka makaburi yote.

Halafu kuna TAZARA. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zimejengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wameshaipigia hesabu wakasema hailipi. Kwa kanuni za Railroad Tycoon walikuwa sahihi kabisa, na rais wa kampuni anayejenga reli hiyo angemaliza mchezo na alama za aibu. Lakini reli ile haikujengwa ili ilipe. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, shaba ya Zambia ilihitaji njia ya kufika baharini bila kupita mikononi mwa serikali za kibaguzi. Iliwekwa kwenye leja ambayo gemu haina safu yake. Pale Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina waliofia kwenye kazi ile. Nao hawana safu.

Leo tukikaa vijiweni tukiijadili reli mpya ya umeme ya Dar hadi Dodoma, sikiliza tunavyoongea. Imekopwa ngapi, italipa lini, inaingiza ngapi kwa siku. Maswali ya halali kabisa, na mimi mwenyewe ninayauliza kazini. Lakini ni maswali ya mtu aliyekaa juu akiangalia ramani. Mara ngapi tumeuliza dereva anakaa saa ngapi kwenye usukani, au mama lishe wa stesheni ya zamani amekwenda wapi treni ilipohamia stesheni mpya? Sote tumejifunza kukaa kwenye kiti kile, hata ambao hatujawahi kumiliki behewa moja. Gemu si chanzo cha ugonjwa huu. Lakini ni mahali ambapo ugonjwa unatamanika.

Sisemi mzifute. Kuna ushahidi mzuri kwamba hamu hii inaweza kuzaa kitu, na ushahidi huo unaitwa OpenTTD. Mwaka 2004 Ludvig Strigeus aliichambua Transport Tycoon Deluxe mpaka ndani na kuiandika upya. Tangu hapo watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wameiendeleza, wakachora picha mpya za bure, na kufikia 2010, toleo la 1.0 lilipotoka, hukuhitaji tena kuwa na gemu ya zamani ili uicheze. Haina wanahisa. Haina mwenye nyumba. Yaani gemu inayosimulia utukufu wa mmiliki mmoja imeokolewa na kundi la mafundi wasiolipwa wanaogawana kazi, kila mtu na kipande chake, kama watu wa zamu. Wameishi kinyume cha hadithi wanayoitunza, na nadhani wengi wao hawajalitazama hilo kwa makini.

Basi walitazame. Wenye ufundi wa kuiandika upya gemu nzima wana ufundi wa kubadili anayeisimulia. Waandike gemu ambayo unaanza kama karani wa stesheni ya kijijini, una hati za mizigo na mabehewa mawili yaliyokosea njia. Waandike ya mfunga breki wa mwaka 1880, tuone kama bado tutalitazama paa la behewa kwa furaha ileile. Waandike ambayo kampuni ikipunguza mshahara, wewe ndiye unayeamua kama treni itatoka yadi leo. Hesabu ibaki, mikopo ibaki, makaa ya mawe yabaki. Ile sababu waliyoitafuta tangu mwanzo itakuwepo, tena nzito zaidi, maana itakuwa na jina la mtu.

Na kama kuandika gemu ni kazi kubwa mno, hawahitaji kwenda mbali. Wazime kompyuta, warudi kwenye meza yao ya plasta na gundi, wachukue kadi za mabehewa. Zamu inaanza saa kumi na mbili.